Kisima Nilichosema Nimekijaza

Mimi sikusoma. Chuoni niliishia juzuu ya tatu, skuli miaka miwili, kisha baba akafa nikashika mtaimbo. Nasema mapema ili asiwepo mtu wa kutafuta maneno makubwa hapa. Lakini chini ya kisiwa cha Mombasa napajua. Nimekaa chini ya mji huu saa nyingi kuliko wengi walivyokaa juu yake, na nyumba ninayolala leo niliijenga kwa mtaimbo huohuo. Sikurithi hata kigae.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba visima na mashimo ya vyoo. Kuze na Kibokoni hakuna uchochoro ambao sikuupita na karai kichwani. Siku hizi nikipita naona rangi mpya, naona wageni wanapiga picha milango. Mimi natazama chini. Hapa tulikuta dongo jekundu. Hapa palikuwa na kichanga kilichotukimbiza mchana mzima. Hapa, chini ya duka hili la simu, kuna maji matamu ambayo hakuna tena anayeyajua. Kila mtu ana Mji wa Kale wake. Wangu uko huko chini.

Asiyejua hulitazama jiwe la kwetu, tumbawe, akadhani limeshikana. Halikushikana. Tumbawe ni kama mkate wa sinia: juu umekauka vizuri, ndani una vitundu, na pengine kitundu chenyewe chaingia mtu na ndoo yake. Ndiyo maana sisi tulichimba kwa sikio. Ukipiga mtaimbo jiwe likaitika kwa sauti kali, endelea. Likiitika zito, kama mtu aliyejibu akiwa ndani ya shuka, ondoa mguu wako. Na mchanga tuliuonja. Ukiwa na chumvi ulimini, bahari imeshafika hapo kabla yako, ngoja bamvua uone maji yatakavyopanda.

Kisima kilichokwisha kazi hujazwa, na kujaza kuna adabu yake. Tabaka la mawe, tabaka la chokaa, washindilia, halafu tena, mpaka juu. Chokaa ikikamata, pale huwa pagumu kuliko pembeni, unaweza kusimamisha ukuta. Ni kazi ya kuchosha na haina wa kuitazama. Katika nyumba zetu mgeni mwanamume hazururi ndani. Unapiga hodi, unangoja wanawake wajitenge, unapita moja kwa moja hadi uani, na ukiwa na neno na mwenye nyumba unalisema pazia likiwa katikati. Bwana yuko dukani. Basi pale uani ni wewe na shimo lako. Ukisema kimefika maji, kimefika. Ukisema kimejaa, kimejaa. Hakuna karatasi. Neno la mchimbaji ndilo lililokuwa hati.

Nami neno langu liliaminiwa Kuze nzima kwa miaka thelathini, na sababu yake ilikuwa kazi moja. Kazi hiyo niliifanya vibaya.

Nilikuwa kijana, nimetoka tu kwa fundi wangu. Bomba la maji lilikuwa limeingia katika nyumba moja Kuze, ya muuza vitambaa, na bwana yule akataka kisima cha uani kijazwe kabla ya arusi ya binti yake. Nikasema siku nne. Siku ya kwanza na ya pili nilichimbua mdomo wa kisima na kuusafisha. Ya tatu mkokoteni wa mawe ulikuja mara mbili, kisha hamali akaumwa, haukuja tena. Siku ya nne asubuhi wapishi walikuwa wamesimama mlangoni na masufuria ya pilau, wanataka ua wao. Na mimi nilikuwa na kisima kitupu, mawe yangejaa labda kifundoni.

Nikatafuta boriti. Boriti nane za mkoko, nzuri, nzito. Nikazilaza kukingama mdomo wa kisima, chini kidogo ya sakafu, nikapanga mawe yangu juu yake, nikamwaga chokaa, nikashindilia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikaita kwenye pazia: "Mama, kimejaa." Mama mwenye nyumba akanijibu, "Mwenyezi Mungu akupe, kijana." Usiku ule watu mia walikula pilau juu ya boriti zangu. Mimi sikula. Nilikaa karibu na mlango, nasikiliza.

Haikuanguka. Bwana yule akanisifu msikitini, akanisifu sokoni, akamwambia kila aliyekuwa na shimo kwamba kuna kijana hana longolongo, akisema siku nne ni nne. Kuanzia hapo sikukosa kazi. Nilikusudia nirudi nikijaze, wallahi nilikusudia. Mwaka ukapita, halafu mingine. Kila kisima nilichojaza baada ya kile nilikijaza sawasawa, mawe hadi juu, kama mtu anayelipa kadha ya sala iliyompita. Bwana akafa. Mama akabaki mjane katika nyumba ile. Jina langu nalo likabaki juu ya boriti nane.

Ndipo ikaja miaka ya tisini.

Ulikuja mradi, na wenyewe walitaka kupitisha maji machafu ya Kuze chini kwa chini. Vichochoro ni vyembamba, ukipasua mtaro wazi unaondoka na misingi ya watu. Kwa hiyo likaamuliwa handaki: unateremka shimo hapa, unakwenda ukitambaa chini ya nyumba, unatokea shimo la pili kule, na nyuma yako unapanga pete za zege. Walitaka watu wanaojua tumbawe. Wakanitafuta, wakanifanya msimamizi wa wachimbaji, nikaja na watu wangu wanne niliowafundisha mwenyewe. Nilivaa kofia ya plastiki kwa mara ya kwanza maishani. Barazani wakasema sasa nimekuwa sufuria.

Kabla ya kuchimba alikuja mtaalamu wa miamba wa kupima ardhi. Tulingoja mwanamume mwenye miwani. Akaja binti, wa hapa hapa pwani, upande wa Rabai, Mkristo, suruali na viatu vizito. Watu wangu walitazamana. Mimi pia, nisiseme uongo, nilisema moyoni huyu atadumu siku tatu. Siku hiyo hiyo aliokota kipande cha jiwe, akakitazama kwa kioo kidogo kilichoning'inia shingoni, kisha akakitia ulimini.

"Lina chumvi," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia mimi nafanya hivyo tangu kabla hajazaliwa, na sikuhitaji chuo kikuu. Akaniambia, "Basi mzee, mimi ndiye niliyechelewa." Tangu siku ile tulipatana.

Alikuwa na mashine ya kutoboa iliyopiga kelele mpaka watoto wa madrasa wakawa wanasoma kwa kuipigia makelele ya kushindana. Mashine ilizamisha bomba na kutoa jiwe refu la mviringo, mfano wa mua. Yeye aliyalaza mawe yale katika masanduku ya mbao kwa mpango, la juu juu, la chini chini, hata ukitazama sanduku umeshuka kisima kizima bila kulowana. Ningekuwa na kitu kile ujanani! Aliniketisha kando ya masanduku, akinipa kahawa chungu katika kikombe chake mwenyewe, akaniuliza kila jiwe sisi twaliitaje. Hili lenye vitundu. Hili linalovunjika kama biskuti. Nilimwambia, naye akaandika. Majina ya mabwana waliosoma aliyaandika kushoto, majina yangu kulia. Hakuna mtu aliyewahi kuandika neno langu kabla ya hapo.

Katikati ya uchochoro mmoja ile mashine ikaporomoka ghafla, kama ndoo iliyokatika kamba. Tukateremsha taa kwa kamba: pango, kubwa, mvungu wa kitanda mara kumi. Handaki halingeweza kupita pale. Binti akasema lazima njia ihamishwe upande wa nyumba, lakini chini ya nyumba hajui kuna nini, maana mashine haiingii uani na injinia mkubwa wa mradi, mwanamume, hawezi kuketi ndani na wanawake akawauliza.

"Mimi naweza," akasema.

Akaazimwa leso mbili, moja kiunoni, moja kichwani, akaingia nyumba baada ya nyumba. Wiki nzima alikaa na wanawake, akala viazi vya karai, akaambiwa habari za waume waliokufa na za mashimo yote. Wanawake ndio wanaojua. Hapa kulikuwa na kisima, kikajazwa, fulani alikijaza. Hapa choo cha zamani, kimefunikwa tu. Akachora ramani. Penye shimo lililojazwa mawe alitia msalaba mdogo, penye utupu alitia duara.

Akaja nayo, akaitandaza juu ya sanduku la mawe. Uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Tazama mzee. Duara huku, duara huku, pango pale. Lakini hapa katikati pana msalaba. Kisima kimejazwa, na aliyekijaza ni wewe. Mama mwenye nyumba kanambia mwenyewe. Chini ya ua wake ndipo penye amani kuliko kote. Handaki litapita hapo."

Nikatazama kidole chake. Nyumba ya muuza vitambaa.

Ningesema pale pale, mambo yangekwisha. Sikusema. Nilimuuliza injinia yuko wapi, nikasema nina haja ya kamba mpya. Nilikuwa karibu na miaka sitini, nina wajukuu, watu wananipisha njia, wananiita fundi. Mtu aliyesoma akianguka ana cheti chake ndani ya kabati. Mimi cheti changu kilikuwa ni watu kusema kwamba nikisema kimejaa, kimejaa. Nikajiambia boriti za mkoko haziozi. Nikajiambia zimebeba arusi, mazishi na maulidi.

Tukaanza kuchimba. Kila siku tulisogea, na kila siku nilihesabu hatua za juu, kutoka shimo la kushukia hadi ukuta wa mama yule. Watu wangu wanne walikuwa mbele, matumbo chini, wanaimba. Nilisimama mdomoni nasikiliza mitaimbo yao kama nilivyokaa mlangoni siku ya arusi. Likaja bamvua. Maji yakaanza kutokeza kwenye ufa wa jiwe, kidogo tu, ya kulowesha shati, lakini yalikuwa na kichanga chembamba ndani yake. Mmoja wao akatoka akanionyesha kiganja. "Fundi, jiwe lasema zito leo."

Nikawatoa wote. Nikawaambia wakanywe chai.

Alasiri hiyo binti alikuwa juu ya sanduku lake, anasoma daftari. Akaniita. Hakunyanyua uso.

"Mzee, nataka nikusomee kitu. Yule mama aliniambia hivi, nami nikaandika kama alivyosema: sakafu ya uani kwangu haituami maji hata siku moja. Nikiosha vyombo, nikimwaga beseni zima, maji yanywewa papo hapo. Hiyo ndiyo kazi ya fundi wa kweli." Akafunga daftari kidole kikiwa ndani. "Mawe na chokaa hayanywi maji hivyo, mzee. Wewe umenifundisha. Na chini kunatoka kichanga."

Muadhini akaadhini, akamaliza.

"Sijamwambia injinia," akasema. "Nataka niandike kilichopo. Niandike nini hapa?"

Penseli ilikuwa juu ya ule msalaba. Nilikumbuka majina yangu aliyoyaandika upande wa kulia. Kama neno langu hili lilikuwa uongo, na yale yote ya mawe yangeaminiwa na nani?

"Futa," nikamwambia. "Tia duara."

Akafuta taratibu, akatia duara. Hakusema neno jingine ila, "Boriti?" Nikajibu, boriti nane. Akaandika nane.

Kazi ikasimama. Injinia alisema mengi, nami nilisimama nikayapokea, hayakunidhuru sana kwa sababu hakuwa mtu wa Kuze. Lililokuwa zito lilikuwa mlango ule. Nikapiga hodi. Pazia halikuwepo tena. Mama alikuwa mzee, ameketi kitini waziwazi, anachambua mchele. Nikamwamkia, nikaketi chini, nikamweleza yote, tangu hamali alipoumwa.

Alichambua ungo mzima bila kunitazama. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimetawadha juu ya uongo wako."

"Ndiyo, mama."

"Na mume wangu amekufa akikusifu."

"Ndiyo, mama."

"Na wajukuu wangu wameruka kamba hapo." Akaweka ungo chini. "Haya inuka, kijana. Leo hakuna arusi. Nenda kakijaze."

Aliniita kijana, nami ndevu zangu zote nyeupe.

Tulipasua sakafu asubuhi. Boriti tano zilikuwa nzima kama juzi. Tatu za upande wa ukuta, mchwa walikuwa wamekula matumbo yote wakaacha ganda. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba, kikazama. Watu wangu walitazama kile kidole. Wangekuwa chini ya boriti hizo baada ya siku mbili. Binti akateremsha taa. Kisima changu kilikuwa kama nilivyokiacha, maji yanameremeta chini, na pembeni mwa mdomo, nilipochimbua siku zile, alama za mtaimbo wangu wa ujana, moja moja. Nilizijua kama mtu anavyojua hati ya mkono wake, mimi nisiye na hati.

Nikashuka mwenyewe. Walikataa, nikashuka. Tabaka la mawe, tabaka la chokaa, nashindilia. Mikokoteni ilikuja siku tano mfululizo. Mama alitia kiti chake uani, waziwazi, akawa anatazama kila karai. Kila nilipofika tabaka jipya aliuliza, "Chokaa umetia?" Na mimi kutoka chini: "Nimetia, mama." "Shindilia tena." Alikuwa msimamizi mkali kuliko wote niliowahi kufanya kazi chini yao. Saa sita alinishushia kwa kamba chai ya maziwa na mahamri ndani ya ndoo. Mpaka leo nikinusa iliki naiona ile ndoo ikishuka, na kipande cha mbingu nyuma yake.

Chokaa ilipokamata, binti akagonga sakafu kwa nyundo yake ndogo, kisha akanipa mimi mtaimbo. Nikapiga. Ikaitika kwa sauti kali. Alitia msalaba mbele yangu. Handaki likapita, na nyumba haikupata hata ufa wa unywele.

Barazani, hapo sina la kuficha, walinifanya vibaya. Wakaniita Fundi Boriti. Nikija kuketi, mmoja husema, "Mpisheni fundi, lakini mwanzo apagonge, asije akatuteremsha sote." Miaka mingi waliniimbia hivyo, na wachache waliobaki wananiimbia bado. Lakini wiki ile ile walikuja wachimbaji wawili wa rika langu, mmoja wa Kibokoni, kila mtu peke yake, wakamtafuta binti wakiwa na kofia mkononi. Misalaba minne zaidi ikageuka duara. Wale nao walikuwa na arusi zao. Yeye aliandika, hakumcheka mtu.

Alipomaliza kazi alikwenda kupima ardhi mahali pengine, bara. Aliniachia jiwe moja la mviringo kutoka katika masanduku, lile linalovunjika kama biskuti, limefungwa kwa kitambaa. Liko rafuni hapa. Limeshakatika vipande vitatu, nami sitaki mtu alifagie.

Na yule mama hakuniacha. Haukupita mwezi akaniita. Nikaenda nikidhani ukuta umepasuka. Nikamkuta amesimama uani na beseni tupu, miguu imelowa hadi kifundoni.

"Tazama," akasema. "Sasa maji yatuama. Zamani yalikuwa yanywewa papo hapo. Hii ndiyo kazi uliyonifanyia?"

Nikamwambia, mama, yanatuama kwa sababu kimejaa.

"Nimesikia. Niondolee maji yangu."

Nikarudi nyumbani nikachukua tindo na nyundo, nikamchongea mfereji mwembamba kutoka katikati ya ua mpaka kwenye bomba la ukutani. Ulichukua siku nzima, maana chokaa ile ilikuwa ngumu, nilitoka jasho kuikata. Alimwaga beseni la kwanza mwenyewe. Maji yakaenda yakajipinda, yakafika ukutani, yakatoka. Akayatazama mpaka tone la mwisho.

"Haya," akasema. "Keti unywe chai."